Roboti Asiye na Mguu wa Kulia

Ukiwa umelazwa hospitali, na Jumapili umwone mama yako akiingia wadini na kuku mzima ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, usikimbilie paja. Kwanza uliza: huyu kuku ni wa nini? Soda haina neno. Mkate, ndizi, hata viazi vya kuchemsha, hayo ni mapenzi tu. Lakini kuku hachinjwi bure. Kwetu huchinjwa mgeni akija, Krismasi ikifika, au mambo yakiharibika. Mimi wadini sikuwa mgeni, na Krismasi ilikuwa mbali.

Ninaandika haya nikiwa nimerudi shule. Niko kidato cha pili kwa mara ya pili, darasa moja na watoto niliokuwa nikiwapiga makonzi, na sasa wananibebea vitabu kwa huruma. Namwandikia yeyote ambaye goti au nyonga au mgongo wake umeanza kuvimba, na nyumbani wakubwa wameanza kunong'ona akiingia. Mambo ya dawa sitayaeleza kwa sababu siyajui. Muulize daktari. Nitakueleza yale ambayo daktari hana wakati wa kukueleza: vile plasta inavyonuka, vile shangazi anavyoanza kuficha vikombe, na vile mtu mwenye akili timamu anaweza kumshuku kila anayempenda, pamoja na sanamu ya plastiki.

Ilianza msimu wa kuchuma pareto. Nyumbani ni Sachangwan, juu kule kwenye baridi, ambako baba alipata kipande cha shamba lililokuwa la mzungu. Goti langu la kulia lilivimba polepole kama unga uliotiwa hamira. Nilifikiri ni teke la mpira. Mama akalikanda kwa maji ya chumvi, likavimba zaidi. Shuleni nikamwambia mwalimu wa michezo siwezi kukimbia, akacheka mpaka akashika mlingoti wa bendera. Muhula uliotangulia nilikuwa nimemwambia siwezi kukimbia kwa sababu nyanya amefariki, na ule wa kabla yake nyanya yuleyule alikuwa amefariki pia. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa mcheshi: siku unayoumwa kweli, watu wanangoja mwisho wa mzaha.

Tulipofika hospitali kuu mjini Nakuru nilikuwa nimekonda hadi mshipi wangu ulihitaji tundu jipya. Tukaketi kwenye benchi ambalo limesuguliwa na makalio ya wagonjwa likawa linang'aa kuliko sakafu ya kanisa. Unasogea kidogo, unangoja, unasogea tena. Daktari, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akatazama picha ya mfupa kwenye mwanga na kusema ni TB.

"Kifua kikuu?" baba akauliza. "Lakini ni goti."

"Iko kwa mfupa, mzee."

"Kwani goti lina kifua?" nikauliza mimi. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nyumbani habari ilifika kabla yangu. Shangazi, dada yake baba aliyekuwa akikaa nasi, alitenga kikombe changu, akakifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe ili kisichanganywe na vingine. Akasema ni cha heshima, eti kama kikombe cha mgeni. Baba mdogo alisema ugonjwa umetoka kwa jirani tunayegombana naye mpaka wa shamba. Mama alisema umetoka kwa maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa, na shangazi, ambaye ndiye huchemsha maziwa, akaacha kusema na mama. Kwa hiyo kabla sijapata hata sindano moja, goti langu lilikuwa limegawanya familia mara tatu.

Nikalazwa. Kila asubuhi sindano, makalio ya kushoto leo, ya kulia kesho, hadi nikawa nalala kifudifudi kama mjusi. Masikio yakaanza kuvuma kana kwamba kuna gari la moshi linalokaribia Molo na halifiki. Vidonge vilikuwa vikubwa, na mkojo na jasho vikaanza kunuka dawa. Kisha mguu wote ukatiwa plasta, kutoka karibu na kinena hadi kifundo, usikunjike. Siku ya kwanza plasta ina joto, inapendeza. Baadaye inawasha. Usiingize spoku ya baiskeli ndani ujikune. Mimi niliingiza, na kidonda chake kilinichelewesha kuliko ugonjwa.

Kwenye kitanda kilichopakana na changu alikuwa Kiprotich. Rika langu, kutoka upande wa Rongai, alidandia trekta la jirani likamwangusha na kumvunja paja. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa juu kwa kamba na vyuma vizito mwisho wa kitanda, kwa hiyo hakuweza kwenda popote. Alikuwa amekaa wadini kuliko mtu yeyote, na alijiona kama mwalimu mkuu wa mahali pale.

"Wee Njoroge," aliniambia wiki yangu ya kwanza, "hapa kuna sheria. Soda ni salamu. Chapati ni pole. Kuku ni thieta."

"Thieta?"

"Kule wanapasua watu. Ukiletewa kuku, jua wazee wameitwa na daktari, wameambiwa kitu, na wewe hujaambiwa."

Nikadhani ananitania. Lakini karibu na mlango alilala dereva mmoja wa lori aliyeumia mkono. Jumapili wake zake wawili walikuja na kuku, kila mmoja na wake, akala wote, akagawa hadi mifupa. Jumatatu akasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu. Aliporudi, mkono mmoja wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. Niliiona ile pini kwa macho yangu.

Kuanzia hapo nikawa nachunguza kila sufuria inayopita mlangoni.

Baba alikuja katikati ya baridi, ule wakati asubuhi hapo Nakuru unapumua moshi. Alikuja Jumatano, na Jumatano haikuwa siku ya kutembelea wagonjwa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kofia yake nilikuwa nimeiona muda mrefu kabla yake, kupitia mlango ulioachwa wazi: ilikuwa imekaa peke yake kwenye benchi nje ya chumba cha daktari.

"Habari yako, mwanangu," akasema.

Tangu nizaliwe baba ananiita "wewe". Akifurahi sana ananiita "wewe kijana". Mwanangu ni neno alilomwambia marehemu kaka yangu siku ya mwisho.

Akaweka sanduku la karatasi ngumu kwenye kitanda. "Nimekuletea kitu cha kufanya." Kisha akaipapasa ile plasta. Mimi hakunigusa, aligusa plasta tu, taratibu, kama anavyompapasa ng'ombe ambaye ameshamuuza. Akaondoka kuwahi gari la moshi.

Kiprotich alikuwa ameangalia yote. "Hiyo ni nini?"

"Roboti. Imeandikwa hapa."

"Roboti ni nini?"

"Mtu wa chuma."

"Mbona ni ya plastiki?"

"Kwa sababu sisi ni maskini."

Akacheka, halafu akaacha ghafla. "Sikia. Kama kuku ni mkono, hiyo kitu ni nini?"

Nikamwambia alale. Lakini sikulala vizuri.

Sanduku lenyewe lilinipa wasiwasi. Juu yake palichorwa jitu jekundu lenye pembe, linatoa moto kifuani. Ndani, vipande vyote vilikuwa vya kijani kibichi, vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki kama maharagwe kwenye mti wake, na hakukuwa na pembe hata moja. Karatasi ya maelezo ilikuwa na herufi kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika, na mchoro wake ulionyesha roboti wa tatu ambaye hakufanana na wale wawili. Jina la mwanzo lilikuwa limefunikwa kwa wino mweusi na jingine kupigwa juu yake. Hata mimi, mtoto wa Sachangwan, nilijua nimeshika mali ya kuiga. Kuna mtu mahali fulani alimwona roboti wa mwenzake dirishani, akarudi nyumbani mbio, akamtengeneza kwa kukumbuka.

Nikaomba wembe kwa Sista Akinyi, muuguzi wetu, mama mnene mwenye viatu vyeupe visivyotoa sauti. Alikuwa akikutokea nyuma kama dhamiri.

"Wembe wa nini?"

"Nikate miguu, Sista."

"Ya nani?"

"Ya roboti."

Aliniangalia muda mrefu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Kisha akaniletea wembe butu, akaketi kwenye ukingo wa kitanda akiusubiri aurudishe. "Fanya haraka umalize," akasema.

"Haraka kabla ya nini?"

"Kabla sijakasirika. Kata!"

Nikakata. Lakini nilimwona Kiprotich akininyanyulia nyusi.

Gundi iliyokuwa ndani ya sanduku ilikuwa imekauka kama ulimi wa kinyonga aliyekufa. Mama, alipokuja na viazi, nilimtuma, na mara iliyofuata akaleta gundi ya fundi viatu ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Ilinuka hadi mzee mmoja upande wa pili akaomba ahamishwe. Nikaanza na kichwa. Kisha kifua, nusu ya mbele na nusu ya nyuma, nikizifunga kwa plasta ya kubandika vidonda mpaka zishikane. Mikono haikuingia mahali pake, nikaisugua kwenye sakafu ya saruji nikiwa nimelala ukingoni, mkono unaning'inia. Kwa vile alisimama ameweka mikono kiunoni na hakuna kazi aliyokuwa akifanya, tulimwita Bwana D.O., kama yule mkuu wa tarafa. Watu wa wadi nzima wakawa wanauliza, "D.O. ameamkaje?" Wakati mwingine sindano ilipita nikiwa nashika kiungo cha bega lake na sikuihisi. Ukiumwa, tafuta kazi ya vidole. Hicho ndicho nilichojifunza ambacho hakimo kwenye vidonge.

Tatizo lilianza tulipofika miguuni. Mguu wa kwanza ulikuwa wa kushoto, ukaingia vizuri, hata goti lake likakunja. Nilifurahia lile goti. Nikalikunja na kulinyoosha hadi Kiprotich akaniambia linatosha. Nikachukua mguu wa pili, nikaushikilia upande wa kulia, na kidole gumba chake kikaangalia nje. Nikaugeuza, kisigino kikawa mbele. Nikaulinganisha na ule wa kwanza.

Ilikuwa miguu miwili ya kushoto.

Nikamwaga sanduku. Nikakung'uta shuka. Nikaangalia ndani ya kiatu, ndani ya foronya, chini ya sahani. Mguu wa kulia haukuwepo. Na mimi nilikuwa nimelala na mguu wangu wa kulia ndani ya plasta ambayo baba aliipapasa.

Nisomeke vizuri: nilikuwa na homa, masikio yanavuma, na nilikuwa nimekaa miezi kati ya watu wanaonong'ona. Nikaona yote kwa mara moja. Kuna mtu ametoa ule mguu. Ama ni baba, ili nizoee polepole. Ama ni Sista, kwa ile sura yake. Ama ni mtu wa karibu zaidi.

"Kiprotich, rudisha mguu."

"Mguu gani?"

"Wa D.O. Wa kulia."

Akaangalia kamba zake, vyuma vyake, paja lake lililoning'inia. "Nimefikaje huko kwako?"

"Umetuma mtu. Yule wa kufagia."

"Wewe Njoroge umerukwa na akili. Mimi niibe mguu? Kama ningekuwa mwizi wa miguu ningeanza na wangu!"

Wadi nzima ikacheka, mimi sikucheka. Nikamwambia maneno mabaya kuhusu nyumba yao na ng'ombe wao. Akageuza uso ukutani, na kwa vile mguu wake ulikuwa umefungwa, uso ndio kitu pekee alichoweza kugeuza. Hatukusemezana. Kama hujawahi kununiana na mtu ambaye kitanda chake unakifikia kwa mkono, na wote wawili hamwezi kuondoka, hujui ukimya ni nini.

Ndipo Sista akatangaza kwamba Jumatatu plasta yangu itafunguliwa waangalie. Na Jumapili yake, baada ya watu kutoka kanisani, mama akaingia na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

Harufu ilifika kabla yake. Mazungumzo ya vitanda vyote yakakatika. Mzee wa upande wa pili akavua kofia.

"Nimekuletea nyama," mama akasema akifungua fundo. "Kula ikiwa na moto."

"Ni kuku?"

"Ni jogoo."

"Sitaki."

"Hutaki?" Mama hakuwahi kunisikia nikikataa chakula. Mimi ndiye yule mtoto aliyelamba mwiko wa uji wa matanga.

"Baba aliambiwa nini na daktari?"

Akaanza kufunga tena kile kitambaa, akakifunga vibaya, akakifungua. "Wewe kula. Mambo ya daktari ni ya daktari."

"Sili."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Kama kuku ndiye thieta, basi asiyekula hawezi kupasuliwa. Usinicheke. Akili ya mtu anayeogopa ni duka la kona, inauza chochote kilichopo. Mama akaketi na sufuria mapajani, haweki chini, hapeani. Ameamka alfajiri, amechinja, amenyonyoa, amepanda gari la moshi akiwa ameikumbatia ile sufuria kati ya magunia ya watu, na mimi nimegeuza uso. Machozi yake yalianza kuangukia kwenye kifuniko.

"Mathe," ikasema sauti iliyokuwa imeninunia. "Leta huku kwangu."

Mama akaniangalia. Akampelekea Kiprotich, naye akala yule jogoo mbele yangu, kipande kwa kipande, mpaka shingo, akilamba vidole kwa kelele. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Mama alipoondoka nikamwambia, "Umefurahi sasa?"

Akapangusa mdomo kwa shuka. Hakuwa anacheka. "Nimemaliza yote," akasema. "Kama ni ya thieta, sasa ni yangu. Wewe hujala."

Nikafunika kichwa kwa blanketi. Sikutaka aone uso wangu.

Jumatatu nikasukumwa. Nje ya chumba cha plasta baba alikuwa ameketi kwenye benchi lile la kung'aa, ndani ya koti la kanisani, kofia mapajani. Fundi akaikata plasta kwa mkasi mkubwa kama wa kukatia ua, akaipasua kama ganda la boga. Kwanza ikaja harufu, kama soksi iliyosahaulika ndani ya gunia la jibini. Kisha mguu. Sikuutambua. Ulikuwa mwembamba kama muhogo uliomenywa, unapukutika magamba, una manyoya marefu ambayo mguu mwingine haukuwa nayo. Ulikuwa mguu wa mzee fulani, wamenibandikia. Nikajaribu kukunja goti, halikukunja hata kidogo. Walinipiga picha ya mfupa, wakanirudisha kwenye benchi kando ya baba, tukangoja.

Niliangalia mikono yake ikizungusha kofia. Iligeuka upande mmoja, kisha upande mwingine. Nikajaribu kutunga mzaha juu ya ile kofia, na kwa mara ya kwanza maishani mzaha haukuja.

Daktari akatoka na picha mkononi. "Mfupa umetulia," akasema. "Goti hilo halitakunja tena, limeshikana. Lakini atatembea nalo. Hatutakata, mzee."

Hatutakata. Hakuna aliyekuwa amewahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Nikamgeukia baba. Alikuwa amevaa kofia ndani ya hospitali, imeshuka hadi kwenye nyusi, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilikuwa nimekaa miezi nikiwashuku watu wote, na sasa nimegundua nilikuwa sahihi, na haikunifurahisha hata kidogo.

Kuhusu yule jogoo nilikuja kumuuliza mama baadaye. "Mlango wa zizi ulimvunja mguu," akasema. "Tungemfanya nini?" Ndiyo hivyo. Kuku hakuwa na habari zozote. Roboti ndiye aliyekuwa nazo.

Nikatiwa plasta nyepesi, nikapewa magongo, na wakati watu wanavuna mahindi nikaruhusiwa nyumbani. Vidonge niliendelea kumeza, na bado nameza, na wewe umeze hata ukijisikia umepona kabisa. Shangazi aliukata ule uzi mwekundu yeye mwenyewe, mbele ya watu, akanywea chai kwenye kikombe changu. Mama akamwongezea sukari. Nayo ikawa ndiyo amani.

Siku ya kurudi kliniki kuchukua vidonge tu, nilimwambia baba tupitie kwenye duka aliponunua roboti, nikadai haki ya D.O. Nilimbeba ndani ya mfuko wa shati, mguu mmoja wa kushoto mbele, mwingine wa kushoto umegeuzwa nyuma. Baba hakutaka, lakini nilishaanza kutembea upande huo, na mtu mwenye magongo hazuiliki barabarani.

Lilikuwa duka la Bwana Gurdev, Kalasinga mwenye kilemba na ndevu za kijivu, anauza sufuria, taa, vitambaa na vitu vya watoto. Akamgeuza Bwana D.O. chini ya miwani yake.

"Wewe namvunja?"

"Alikuja hivyo. Ana miguu miwili ya kushoto."

"Haiwezekani. Hii mali safi, natoka ng'ambo."

"Mali safi gani, boss? Hata pembe hana."

Alikasirika kidogo, akapanda ngazi, akashusha sanduku jingine lenye vumbi, la mwisho alilokuwa nalo. "Angalia sasa, nafungua mbele yako." Akavunja gundi ya kifuniko kwa ukucha. Tukainama sote watatu. Vipande vya kijani. Kichwa, kifua, mikono. Akainua mguu mmoja. Wa kushoto. Akainua wa pili, akaugeuza, akaugeuza tena, akavua miwani.

"Huyu pia," akasema polepole. "Watu wa kiwanda yote nalala, au nini?"

Nikaegemea kaunta. Kumbe hakuna aliyeutoa mguu wangu. Sista hakuutoa, wala baba, wala Kiprotich na wakala wake. Kule kiwandani walikosea mara moja, wakaendelea kukosea kwa kila sanduku, na roboti wote wa aina ile, popote walipo duniani, wanasimama hivyohivyo. Ule mguu uliokosekana haukuwa na habari zangu. Sijui kwa nini jambo hilo lilinipa raha kubwa kiasi kile.

"Lakini mimi nakumbuka wewe, mzee," Bwana Gurdev akamwambia baba akimnyooshea miwani. "Wewe nasimama hapa muda mrefu sana, haulizi bei, haugusi kitu. Mimi nafikiri ni askari wa forodha. Halafu wewe nasema nipe kitu ya kijana ambaye hatatembea tena." Akaniangalia, akaangalia magongo, akafunga mdomo. Akalisukuma lile sanduku la pili kwangu. "Chukua. Mimi siwezi uza hii tena."

Nje tukaketi kwenye ngazi ya duka. Watu walikuwa wakipita na baiskeli na magunia.

"Ulimwambia sitatembea."

Baba akavua kofia. "Daktari aliniuliza nachagua mguu au mtoto. Nikamwambia mtoto. Nikakubali wakate, kama wakifungua wakute mfupa bado unaliwa."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Wewe ungefanya mzaha."

Mzaha wa kumjibu ulikuwa umeshanifika mdomoni. Nikaumeza.

"Ungefanya mzaha," akarudia, "na mimi ningecheka. Ningecheka, halafu nirudi nyumbani nimwangalie mama yako vipi?" Akanyoosha mkono, akanigusa. Safari hii hakugusa mguu. Alishika sikio langu, akalivuta kidogo kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. "Simama, wewe kijana. Tutachelewa gari la moshi."

Hatukuchelewa, lakini kwanza nilimwomba turudi hospitali tupitie wadini. Kama wewe ndiye unayeuguza, mwambie mgonjwa wako. Hata kama atafanya mzaha, mwambie, kwa sababu asipoambiwa na wewe ataambiwa na kuku.

Kiprotich alikuwa bado amening'inizwa, ila wamepunguza vyuma. Alifurahi kuniona nikitembea kwa mguu uliokakamaa kama fimbo ya polisi, akasema sasa nimefanana na D.O. Nikaweka lile sanduku kwenye kitanda chake, nikamwambia ni lake, na kwamba asihangaike kutafuta mguu wa kulia.

Furaha ikamtoka usoni. Hakuligusa. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia baba aliyesimama mlangoni na koti lake la kanisani.

"Kwa nini mnaniletea?" akauliza. "Daktari amesema nini?"

"Hajasema kitu. Hatujamwona."

"Njoroge. Niambie ukweli."

"Ni salamu tu, bwana!"

"Salamu ni soda," akasema Kiprotich, akalisukuma sanduku kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa kitanda.

Ikabidi nigeuke na magongo yangu, nikamtafutie soda.